Milango 18: safari ya kazi ya mcheza futiboli wa Australia

Aliir Aliir alizaliwa Septemba 1994 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, huko Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya. Kambi yenyewe ilikuwa na umri wa miaka miwili tu. Ilifunguliwa mwaka 1992 kuwapokea watu waliokuwa wakikimbia vita vya Sudan, na wazazi wake walikuwa miongoni mwa waliotoka kusini mwa nchi hiyo. Familia ilipata makazi Australia mtoto akiwa bado mdogo, na huko, ujana ukiwa umeanza, ndipo alipojifunza kucheza kwa mpira wenye umbo la yai. Mwaka 2021 jina lake lilisomwa kati ya wachezaji 22 wa kikosi bora cha msimu cha Ligi ya Futiboli ya Australia, ambayo wenyeji huiita kwa herufi tatu tu: AFL.

Ni rahisi kuisimulia habari hiyo kama muujiza. Lakini ukiifuata hatua kwa hatua, kuanzia kiwanja cha mtaani hadi kwenye jezi ya klabu kubwa, unakutana na kazi kama kazi nyingine: ina namna ya kuipata, ina mshahara, ina ajali zake na ina siku ya kufungasha virago. Tena ina masharti magumu ambayo wanasoka wengi hawayajui. Waajiri wote ni 18, wote wako katika nchi moja, na kijana anayeingia hana hiari ya kuchagua atamtumikia nani.

Mchezo wenyewe

Wanaocheza ni watu 18 kila upande, kwenye kiwanja cha duara iliyorefushwa, ambacho mara nyingi ni kile kile cha kriketi. Urefu wake unaweza kupita mita 150, hivyo uwanja wa soka ungeingia ndani na nafasi ikabaki. Mpira hupigwa kwa mguu, au huwekwa kiganjani na kupigwa ngumi ili umfikie mwenzako. Kuurusha kwa mkono ni kosa. Ruksa kukimbia nao mikononi, ila lazima uudundishe au uuguse chini kila baada ya mita 15 hivi. Hakuna kuotea. Mpinzani anaweza kukukamata kati ya mabega na magoti na kukubwaga chini.

Kila ncha ya kiwanja ina nguzo nne zilizosimama wima, bila mwamba wa juu wala wavu. Ukipiga mpira ukapita kati ya zile mbili za katikati unapata pointi sita. Ukipita pembeni, kati ya nguzo ya katikati na ya nje, unapata moja. Mechi ina robo nne za dakika 20, na kwa kuwa saa husimamishwa mara kwa mara, robo moja hufika karibu nusu saa.

Kinachowainua mashabiki vitini ni kudaka. Mchezaji akiudaka mpira uliopigwa kwa mguu na kusafiri angalau mita 15 bila kuguswa, mchezo husimama kwa ajili yake: anapewa nafasi ya kupiga bila kubughudhiwa. Ndiyo maana utaona mtu akiruka, goti likatua begani mwa mpinzani, akajiinua zaidi kutoka hapo na kuushika mpira juu ya vichwa vya watu watatu. Aliir alijenga jina kwa upande wa pili wa ufundi huo. Yeye ni beki. Anausoma mpira tangu unapoondoka kwenye mguu wa adui, anamwacha mshambuliaji aliyepewa kumlinda, anakimbilia mahali mpira utakapoangukia na kuudaka yeye. Akikosea hesabu kwa hatua mbili, mshambuliaji aliyeachwa anabaki peke yake mbele ya nguzo.

Sheria za kwanza za mchezo huu ziliandikwa Melbourne Mei 1859, na miongoni mwa waliokaa kuziandika alikuwepo Tom Wills, mcheza kriketi mashuhuri wa zama hizo. Ligi ya jimbo la Victoria ilianza kuchezwa mwaka 1897 ikiwa na klabu nane. Mwaka 1982 klabu ya South Melbourne ilihamia Sydney, mwaka 1987 zikaingia klabu za Perth na Brisbane, na mwaka 1990 ligi ikabadili jina na kuwa ya Australia. Kwa muda mrefu wachezaji wake walikuwa walimu, polisi, mafundi bomba na mawakili waliofanya mazoezi jioni baada ya kazi. Kuufanya mchezo huu kuwa kazi ya kutwa kwa kikosi kizima ni jambo la miongo michache iliyopita.

Kuchaguliwa

Mtoto wa Australia huanza na Auskick, mpango wa kitaifa wa kuwafundisha watoto wadogo kupiga na kudaka, ambapo wazazi ndio hubeba koni na mifuko ya mipira. Kutoka hapo anaingia klabu ya mtaa au timu ya shule. Akionekana ana kitu, anaitwa kwenye vikosi vya vijana. Victoria ina ligi yake maalumu ya vijana tangu 1992, na majimbo mengine hutegemea klabu kongwe za kwao. Mashindano ya kitaifa ya walio chini ya miaka 18 ndiyo yanayojaza majukwaa watu wenye madaftari, maskauti wa klabu 18.

Aliir hakuanza utotoni kama wenzake. Aliujulia mchezo Brisbane, mji ambako raga ina nguvu zaidi, kisha akahamia Perth na kuchezea East Fremantle, klabu ya ligi ya Australia Magharibi. Alikuwa mrefu, mwepesi, mwenye mikono inayoshika, na bado ana mengi ya kujifunza. Skauti anayemtazama kijana wa namna hiyo hana budi kujiuliza atakuwa nani baada ya miaka mitano.

Kabla ya uteuzi, vijana bora huitwa kwenye siku za vipimo. Mbio za mita 20 hupimwa kwa sehemu ndogo za sekunde. Kwa kuruka, kuna mlingoti wenye vipande vya plastiki vilivyopangwa kama ngazi. Kijana anaruka na kuvipiga kwa ncha za vidole, na kipande cha juu kabisa alichokisogeza ndicho kipimo chake. Kisha mbio za kilomita mbili, ambazo humaliza pumzi na kuonyesha nani huendelea kukaza mwendo mapafu yakimuwaka. Baada ya hapo ni mahojiano. Makocha na maskauti humuuliza kuhusu familia, masomo, watu anaoandamana nao, na jinsi alivyopokea siku aliyoachwa nje ya kikosi.

Halafu inakuja drafti, yaani uteuzi wa vijana wapya, ambao hufanyika Novemba kila mwaka. Ilianza mwaka 1986. Kabla yake, klabu zilikuwa na maeneo yao, na kijana aliyezaliwa katika eneo fulani alikuwa mali ya klabu ya eneo hilo. Sasa klabu huchagua kwa zamu, na iliyoshika mkia msimu uliopita hutangulia ili wanyonge wapate nafasi ya kujijenga. Anayeruhusiwa ni kijana anayetimiza miaka 18 kabla mwaka haujaisha. Jina likisomwa na klabu ya Perth, kijana wa Melbourne anafunga begi na kwenda kuishi umbali wa saa nne kwa ndege kutoka kwa mama yake, mara nyingi wiki chache tu baada ya mtihani wa mwisho wa sekondari. Hakuomba kazi hapo, na akikataa hakuna klabu nyingine ya kumwajiri mwaka huo.

Yapo mapito ya pembeni. Mtoto wa mchezaji aliyecheza mechi 100 au zaidi katika klabu moja anaweza kuchukuliwa na klabu hiyo ya baba yake. Ndivyo Collingwood ilivyowapata Josh na Nick Daicos, wana wa Peter Daicos aliyetamba hapo kabla yao. Ndugu hao wawili walitwaa ubingwa pamoja mwaka 2023. Klabu pia huendesha vituo vya kulelea vijana wa jamii za asili za Australia na wa familia za wahamiaji. Mac Andrew, mzaliwa wa Misri na mtoto wa wazazi kutoka Sudan Kusini, alilelewa katika kituo cha klabu ya Melbourne, na mwaka 2021 Gold Coast ikamchukua akiwa wa tano katika drafti nzima.

Aliir alisubiri. Katika drafti ya 2013 majina 43 yalisomwa kabla ya lake. La 44 lilisomwa na Sydney Swans.

Miaka isiyoonekana

Anayesikia jina la kijana likisomwa hudhani sasa amefika. Misimu yote miwili ya 2014 na 2015 Aliir hakucheza hata mechi moja ya AFL. Alikuwa kwenye kikosi cha akiba, katika viwanja vyenye mashabiki wachache, akijifunza mambo ambayo wenzake waliyapata wakiwa na miaka minane: wapi pa kusimama, lini kumwacha mtu wake, lini kuupiga mpira ngumi badala ya kuudaka. Mechi yake ya kwanza ilikuja mwaka 2016. Mwaka huo huo Sydney ilifika fainali kuu, na yeye akaikosa kwa sababu ya goti.

Kipindi hicho ndicho kinachochuja watu. Mkataba wa kwanza wa anayetoka kwenye drafti huwa wa miaka miwili, na kwa walioteuliwa mzunguko wa kwanza sasa ni mitatu. Kila klabu ina nafasi arobaini na kitu. Kila Novemba vijana wapya wanaingia, na ili waingie lazima wengine watoke. Kocha humwita mchezaji ofisini mwisho wa msimu, mazungumzo huchukua dakika chache, na mtu wa miaka 20 anatoka nje akiwa hana kazi.

Hapo ndipo uchache wa waajiri unapouma. Mwanasoka aliyeachwa na klabu anaweza kujaribu nchi jirani, au bara jingine. Mcheza futiboli wa Australia hana ligi nyingine ya kulipwa ya kiwango hicho popote duniani. Anaweza kurudi kwenye ligi ya jimbo, ambako malipo ni madogo na wengi hufanya kazi nyingine mchana, akiomba mmoja wa waajiri wale 18 amtazame tena.

Bahati nzuri, wapo wanaotazamwa tena. Zaidi ya orodha kuu, klabu huwa na orodha ya wanagenzi, wachezaji wanaochukuliwa kwa majaribio na malipo ya chini. Matthew Priddis alipitwa na drafti, akaingia West Coast Eagles kama mwanagenzi, na mwaka 2014 akashinda medali ya Brownlow, tuzo ya mchezaji bora ambayo kura zake hupigwa na waamuzi. Majak Daw, mzaliwa wa Khartoum, naye aliingia North Melbourne kwa njia hiyo mwaka 2009, akawa mzaliwa wa kwanza wa Sudan kupata nafasi katika klabu ya AFL. Alisubiri hadi 2013 kucheza mechi yake ya kwanza, na mpira wa kwanza alioupiga kwa mguu ukapita katikati ya nguzo.

Wa kukumbukwa zaidi ni Marlion Pickett. Alikuwa baba wa watoto wanne, aliyewahi kutumikia kifungo gerezani na kisha kujijenga upya katika klabu ya South Fremantle. Katikati ya msimu wa 2019, akiwa na miaka 27, Richmond ilimchukua kupitia drafti ndogo iliyorudishwa mwaka huo huo. Mechi yake ya kwanza ya AFL ikawa fainali kuu yenyewe, mbele ya watu takriban 100,000 katika uwanja wa MCG, Melbourne. Kwa miaka 67 hakuna aliyekuwa ameanza kazi katika mechi hiyo. Pickett alifunga goli, wenzake wakamrukia kana kwamba ubingwa umeshapatikana, na Richmond ikaishindilia Greater Western Sydney kwa tofauti ya pointi 89.

Wiki ya kazi

Msimu unaanza Machi na kumalizika Septemba, lakini kazi huanza Novemba, jua la kiangazi cha kusini linapochoma. Hiyo ni miezi ya kukimbia. Kiungo anaweza kufunika kilomita 12 au zaidi katika mechi moja, nyingi zikiwa za kutoka mbio na kusimama ghafla, na pumzi ya namna hiyo haipatikani bila kuvuja jasho.

Mechi zikianza, wiki inajipanga kuizunguka siku ya mchezo. Siku ya kwanza ni ya kuuguza mwili: maji ya barafu, kuogelea, kukandwa, daktari kukagua michubuko. Halafu vikao vya video, ambapo mchezaji huonyeshwa makosa yake mbele ya wenzake. Kisha mazoezi makubwa, vyuma, mazoezi mepesi ya kuamkia mechi, safari ya ndege. Mgongoni, kati ya mabega, jezi ina mfuko mdogo wenye kifaa cha setilaiti kinachorekodi kila mita aliyokimbia na kwa kasi gani. Wataalamu hupima mafuta chini ya ngozi yake kwa kuibana. Chakula, usingizi na hata anachokunywa wakati wa mapumziko ni mambo ambayo mwajiri hufuatilia.

Malipo ni mazuri. Mkataba wa pamoja uliofikiwa mwaka 2023 kati ya ligi na chama cha wachezaji, chama kilichoanzishwa mwaka 1973, uliweka wastani wa mshahara kupanda kutoka dola 387,000 za Australia mwaka 2022 hadi dola 519,500 ifikapo 2027. Wastani huo huficha mengi. Nyota hulipwa zaidi ya dola milioni moja kwa mwaka, na chipukizi wa mwaka wa kwanza hupata sehemu ndogo tu. Kila klabu ina kikomo cha jumla ya mishahara, kwa hiyo fedha inayoongezwa kwa mmoja lazima itoke mahali.

Nguvu ya kuchagua humjia mchezaji akiwa amekwishatumika. Tangu mwaka 2012, aliyekaa klabu moja miaka minane anaweza, mkataba ukiisha, kuzungumza na klabu nyingine kama mchezaji huru, ingawa masharti hutofautiana kulingana na ukubwa wa mshahara wake. Lance Franklin aliutumia mwanya huo mwaka 2013: aliihama Hawthorn akiwa bingwa na kusaini Sydney kwa miaka tisa na dola milioni 10. Mwaka 2022 alifunga goli lake la 1,000, akawa wa sita tu katika historia, na maelfu ya mashabiki wakaruka uzio na kujaa kiwanjani usiku ule.

Kwa wasio na jina kubwa kiasi hicho, kuna dirisha la kubadilishana wachezaji mwisho wa msimu. Kwa njia hiyo Aliir aliihama Sydney mwisho wa 2020 na kwenda Port Adelaide. Kule alipewa uhuru wa kucheza kwa silika yake, kuwaacha watu na kunasa mipira ya wapinzani, na msimu wa kwanza tu ukampa nafasi katika kikosi bora cha ligi.

Mwili na kichwa

Magoti ndiyo yanayowatisha zaidi wachezaji wenyewe. Mtu anatua vibaya baada ya kudaka, kano ya ndani ya goti inakatika, na msimu mzima unakwenda kwa upasuaji na kujifunza kukimbia upya. Lakini hofu iliyoitikisa ligi katika miaka ya karibuni imo kichwani.

Graham "Polly" Farmer, mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa wa karne iliyopita, alifariki mwaka 2019, na ubongo wake ulipochunguzwa ulikutwa na ugonjwa unaohusishwa na kupigwa kichwa mara kwa mara kwa miaka mingi. Ugonjwa huo ulikutwa pia kwa Danny Frawley na Shane Tuck, waliofariki mwaka 2019 na 2020. Heather Anderson, aliyecheza ligi ya wanawake na kufariki mwaka 2022, ndiye mwanamichezo wa kwanza wa kike duniani kugunduliwa nao. Tangu 2021, mchezaji aliyepata mtikisiko wa ubongo hukaa nje siku zisizopungua 12. Angus Brayshaw wa klabu ya Melbourne aligongwa kichwani katika mechi za mtoano za 2023, na mapema mwaka uliofuata, akiwa na miaka 28, akalazimika kustaafu kwa ushauri wa madaktari.

Aliir mwenyewe amekuwa sehemu ya somo hilo. Mwaka 2023 aligongana vibaya na mwenzake Lachie Jones katika mechi dhidi ya wapinzani wao wa jadi, Adelaide, kisha akarudishwa uwanjani bila kufanyiwa kipimo kamili cha ubongo. Ligi iliitoza Port Adelaide faini ya dola 100,000. Kwa kazi ambayo kwa zaidi ya karne ilimsifu mtu aliyeinuka na kuendelea kucheza akiyumba, adhabu hiyo ilikuwa onyo kwa klabu zote.

Kuna jeraha jingine ambalo halionekani kwenye picha za hospitali. Mwaka 1993, baada ya kutukanwa na mashabiki mechi nzima, Nicky Winmar, mchezaji wa jamii za asili za Australia, aliinua jezi yake na kuionyesha kwa kidole ngozi yake nyeusi. Picha ile bado inaning'inia katika kumbukumbu ya nchi. Mwaka 1995 ligi ilipitisha kanuni ya kupinga matusi ya rangi, baada ya malalamiko ya Michael Long. Hata hivyo Adam Goodes, mshindi wa Brownlow mara mbili, alizomewa kiwanja baada ya kiwanja hadi akaondoka mchezoni mwaka 2015. Ligi na klabu zake zilimwomba radhi mwaka 2019. Kijana mweusi anayeingia AFL leo anaikuta historia hiyo katika chumba cha kubadilishia nguo, na klabu inayomwajiri ina wajibu wa kumlinda kama inavyolinda magoti yake.

Wanawake

Ligi ya wanawake ilianza Februari 2017 ikiwa na timu nane. Mechi ya ufunguzi, Carlton dhidi ya Collingwood, ilivuta watu zaidi ya 24,000 na milango ikafungwa wengine wakiwa bado nje. Kufikia 2022 klabu zote 18 zilikuwa na timu ya wanawake.

Njia ya uwanjani ni ile ile, ila mfukoni hali ni tofauti. Mkataba wa 2023 uliweka wastani wa dola 60,000 kwa mwaka, ukipanda hadi 82,000 ifikapo 2027, na msimu ni mfupi. Wachezaji wengi ni wauguzi, walimu, wanafunzi na wafanyakazi wa ofisini wanaopanga zamu zao kuzunguka mazoezi. Akec Makur Chuot alizaliwa kusini mwa Sudan, akaishi Kakuma kabla ya kufika Australia, na amevaa jezi za Fremantle, Richmond na Hawthorn. Kambi moja ya Turkana, basi, imetoa wachezaji kwa ligi zote mbili.

Baada ya kutundika daluga

Wachache hucheza muda mrefu. Scott Pendlebury, aliyeuacha mpira wa kikapu akiwa kijana, alifikisha mechi 400 mwaka 2024 akiwa na miaka 36. Wengi huondoka kabla ya kutimiza miaka 30, katika umri ambao daktari au mwanasheria ndiyo kwanza anapata uzoefu.

Kwa sababu hiyo chama cha wachezaji huwahimiza kusoma tangu mwaka wa kwanza, na kuna mfuko wa kuwasaidia wastaafu wanaougua kutokana na majeraha ya kazi. Wapo wanaobaki mchezoni: Craig McRae alitwaa ubingwa mara tatu mfululizo na Brisbane, kuanzia 2001 hadi 2003, kisha akawa kocha aliyeipa Collingwood ubingwa wa 2023. Wapo wanaoingia redioni na kwenye televisheni. Na wapo waliogundua kwamba ule mguu una soko Marekani. Ben Graham, aliyekuwa nahodha wa Geelong, alijiunga na NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, mwaka 2005 kama mpigaji wa mipira ya mbali na akafika hadi fainali ya Super Bowl. Sav Rocca alimfuata akiwa amepita miaka 30.

Njia hiyo hupitika kutoka upande wa pili pia. Mason Cox wa Texas, mwenye urefu wa sentimita 211, hakuwa ameucheza mchezo huu hadi alipomaliza chuo kikuu. Maskauti walimwona katika majaribio ya wacheza kikapu nchini Marekani mwaka 2014, na mwaka 2023 alikuwa bingwa na Collingwood. Tadhg Kennelly alitoka Kerry, Ireland, akatwaa ubingwa na Sydney mwaka 2005, kisha akarudi kwao na kushinda taji la taifa la futiboli ya Kiayalandi mwaka 2009.

Idadi ya waajiri nayo inakaribia kuongezeka. Mwaka 2023 kisiwa cha Tasmania kilipewa leseni ya klabu ya 19, inayopangwa kuingia ligini mwaka 2028. Klabu hiyo itahitaji kikosi kizima cha wanaume na kingine cha wanawake, na maskauti wake watatazama vijana wa kisiwani, wachezaji walioachwa na klabu nyingine, na watoto wa familia zilizotoka Sudan Kusini ambao kwa sasa wanaruka kugombea mpira kwenye viwanja vya mitaa ya Melbourne, Perth na Adelaide.